Mtakuwa Wangapi

Tallam anafungua mlango kwa bega.
Vyumba viwili, Kiamunyi,
kodi elfu kumi na moja, stima ni ya tokeni.
Kule Nairobi, kwa elfu thelathini na nne,
namsikia jirani akisukutua.

"Mtakuwa wangapi?"

Najifanya sikusikia. Nahesabu misumari ukutani:
saba, mmoja umepinda.
Waliohama walikuwa na picha nyingi
au saa nyingi zisizopatana.

Napima chumba kwa hatua.
Kitanda hakitaingia. Kitanda nilichopigania
mbele ya shangazi zake wanne,
friji nikamwachia, kabati nikamwachia,
nikasema hiki ni changu, nilikilipia mimi.
Hakipiti hata mlangoni.

Maji, je? Tallam anacheka ili nione meno,
kahawia kama chai ya rangi.
"Sisi tumeyanywa tangu utotoni.
Mtoto mkingie ya mvua."

Nani kamwambia kuna mtoto?

Naliaka atakuwa wiki huku, wiki kule,
saa tatu za barabara katikati,
na kiatu kimoja kila mara upande usiofaa.
Baba yake atasema nimemhamisha makusudi.
Kidogo, atakuwa na haki.

Upepo wa Menengai unapenyeza vumbi,
laini kama unga, hadi kwenye kioo.
Nachora mstatili kwa kidole: futi tatu na nusu.
Halafu mwingine kando, mfupi.

"Wawili," namjibu, naye keshafika getini.
"Wiki nyingine, mmoja."

Anauliza kama afunge.

Acha wazi kwanza.