Makabidhiano

Kaa, Siim. Si hicho, mguu wake mmoja ni mfupi;
nimekiandikia ripoti mara nne.
Shika funguo. Huu wa njano ni wa kabati la asidi,
huu wenye uzi ni wa stoo ya mitungi ya gesi,
na huu sijui ni wa nini.
Nilikabidhiwa hivyo hivyo. Nami nakukabidhi.

Kila Jumatatu, kabla hawajaingia,
fungua bomba la kuoshea macho.
Maji yatatoka na kutu kwanza, rangi ya chai,
kisha yatatakata. Usitazame saa,
tazama maji.
Miaka kumi na moja nimeyafungulia
na jicho lililooshwa pale ni moja tu,
la Reelika, mwaka wa pili, alasiri ya Novemba.
Siku hizi tukikutana sokoni hunikunjia uso kidogo,
anajiuliza aliniona wapi.

Mlango wa moto watauegemeza kwa kamusi,
ile nene ya Kijerumani, ili wapite na vikombe vyao.
Irudishe rafuni. Kesho itakuwa mlangoni.
Irudishe.

Profesa Laansoo huvaa miwani ya kinga, ndiyo,
lakini utosini,
kana kwamba balaa litamshukia kutoka darini.
Atakwambia alianza kuchanganya dawa hizi
mama yako akiwa bado hajaolewa.
Usibishane. Tazama tu mkono wake wa kushoto,
pale kidole cha shahada kinapokoma mapema.
Ataishusha miwani mwenyewe.

Kuhusu mafunzo ya kuzima moto:
niliwaandikia barua pepe nikiwasihi, wakaja watu sita.
Mwaka uliofuata niliandika neno moja, keki,
wakaja thelathini na wawili,
na mmoja wao akauliza mtungi unafunguliwa wapi.

Wako watakaokwambia ajali haina kinga.
Pengine.
Mimi nimeona glavu iliyoyeyuka hadi kiganjani,
nikaona na mkono uliotolewa ndani yake,
mkono mzima, unatetemeka, unaomba sigara.

Faili la kijani ni la wakaguzi. Watalipenda.
Kila kisanduku kina alama, kila alama ina tarehe.
Lakini Hilja hayumo.
Hilja aliyekuwa akideki ghorofa hii,
aliyejua meza ipi imemwagikiwa nini kwa kunusa tu,
alianguka Februari, nje, kwenye ngazi, juu ya barafu.
Fomu ikaniuliza: mahali pa tukio?
Nikaandika: ngazi ya tatu kutoka chini.
Nikajibiwa: hilo si eneo la idara.
Ngazi ni za manispaa, mlango ni wetu,
na kizingiti kilibishaniwa majuma matano,
barua kwa barua, muhuri kwa muhuri.
Nyonga ya Hilja haikungoja barua.

Tangu hapo nafika saa kumi na mbili,
na Februari huku hapapambazuki hadi saa mbili,
nikamwaga mchanga gizani, ngazi baada ya ngazi,
kama mtu anayelisha kuku.
Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyewahi kuniuliza
mchanga ule unatoka wapi.

Unatoka kwenye sanduku la manjano pale kona ya mtaa.
Nalo ni la manispaa.
Chota tu.
Ndoo iko nyuma ya mlango, chini ya makoti,
ile ya bluu, ya kudekia, mpini umefungwa waya.
Usiitafute kwenye orodha.

Haya, tia sahihi hapa. Na hapa.
Na tarehe.
Hapana, kalamu hiyo imekauka, chukua yangu.