Dakika Moja na Nusu, Dandora

Githurai hadi mjini, shilingi themanini.
Ndivyo lilivyosema bango, na bango halina aibu.
Lakini Githurai hadi Dandora ni ishirini,
na Dandora hadi mjini ni arobaini.
Mimi ni fundi wa mizani, pale nyuma ya Gikomba;
kazi yangu ni kujua ratili inapodanganya,
jiwe la kilo lililotobolewa tumboni likazibwa kwa nta.
Vipande haviwezi kuwa vidogo kuliko kizima,
nikajiambia.
Nikahesabu tena kwa vidole, ndani ya mfuko wa koti.
Vidogo. Kwa mbao nzima.

Sharti ni moja: lazima ushuke.
Tiketi ya pili haiuzwi ila Dandora, dirishani,
na treni husimama hapo dakika moja na nusu,
ukiwa na bahati na dereva akiwa na kikohozi.
Basi kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika tisa,
mtu mzima, kitambi mbele, sanduku la mawe ya kilo mkononi,
niliruka kutoka behewa la tatu
nikakimbia kama mwizi wa kitu alichokilipia.

Gathigia, jirani yangu wa kiti, alicheka hadi meno ya bandia yakayumba.
"Utakufa kwa ajili ya mbao!"
Nikamwambia: mbao, mara siku ishirini na sita za mwezi...
Akanikata: "Na soli za viatu? Umezipima?"
Sikuwa nimezipima.

Dirishani alikaa Wakesho.
Juma la kwanza hakuniangalia, aliangalia sarafu.
La pili alikuwa ameshaikata tiketi kabla sijafika,
akaitoa nje ya nondo kama anayemlisha ndege.
Dakika moja na nusu,
ukitoa mbio za kwenda na mbio za kurudi,
hubaki sekunde kumi na moja.

Jumatatu alisema: "Mama yangu kule Wundanyi..."
Filimbi.
Jumanne: "...ana ng'ombe asiyekubali kukamuliwa..."
Filimbi.
Jumatano foleni ilikuwa ndefu, sentensi ikalala njaa.
Alhamisi: "...ila na mtu anayeimba kwa pua."
Nilicheka peke yangu hadi Makadara.
Ijumaa nikamlipa kwa habari za muuza omena
aliyeleta mizani yake niitengeneze
akaniomba nisiitengeneze sana.

Miezi saba. Shilingi elfu tatu, mia sita na arobaini
ndani ya mkebe wa majani ya chai.
Gathigia aliacha kucheka, akaomba mkopo.

Kisha karatasi mpya ikabandikwa, gundi bado mbichi.
Mtu fulani ofisini, mwenye kalamu na macho,
alikuwa ameliona pengo akaliziba.
Moja kwa moja: hamsini na tano.
Vipande viwili: sitini, kama jana.
Nilisimama mbele yake kama mbele ya tangazo la msiba
wa mtu ambaye jina hulijui ila sura unaikumbuka.
Mizani imekaa sawa.
Maisha yangu yote nimelipwa kwa hilo tu, mizani kukaa sawa.

Treni ikapunguza mwendo Dandora.
Gathigia alinitazama, hakusema kitu,
akasogeza magoti nipite.

Tiketi ilikuwa tayari nje ya nondo.
Wakesho alizihesabu sarafu zangu mara mbili, polepole.
"Unajua sasa unapata hasara?"
"Najua."
"Shilingi tano kila siku."
"Najua. Nimepima."
"Basi kwa nini..."

Filimbi.

Leo ni Alhamisi.
Kesho nina sekunde kumi na moja za kumjibu,
na usiku kucha wa kuyapunguza maneno hadi yaenee.