Yapata

Saa tatu asubuhi dirisha la tatu limeganda.
Hilaria ameandika jina moja tu, Massawe,
na ukurasa wangu unazunguka, unazunguka,
kiduara cheupe kama sahani isiyo na chakula.
Sekunde kumi na nne.
Foleni inakohoa mpaka nje, hadi barabara ya kiwandani.

Kisha: *Yamepatikana matokeo 61,207.*
Yeye alitaka stakabadhi moja,
ya Anaeli Massawe wa Kibosho, kahawa ya maganda, kilo arobaini.
"Hii namba ya juu," ananiuliza, "nimeiomba mimi?"

Hakuiomba. Niliiweka mimi,
kwa sababu kila ukurasa niliowahi kuuona ulikuwa nayo,
kama kabati la vyombo vya wageni
katika nyumba isiyotembelewa.
Na ili niiandike, seva iliyo chini ya ngazi
ilishuka ghalani kila mara,
ikagusa gunia kwa gunia, msimu kwa msimu,
tangu yale madaftari ya mwaka tisini tuliyoyanakili upya,
ikarudi na vumbi mabegani
kusema jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Mchana nikamfuata Ndeshi, mpimaji wa ubora.
Hana muda na mimi. Anachoma bambo ubavuni mwa gunia,
punje zinateremka kwenye mfereji wa chuma,
gramu mia tatu juu ya trei nyeusi.
Anatenga: iliyotobolewa, iliyovunjika, nyeusi, nyeusi.
"Kumi na nane."
Na gunia zima?
"Gunia zima hesabu wewe, mwenye mshahara wa kukaa."

Usiku nikafuta namba. Likabaki pengo,
na pengo linataka neno.
*Takribani* limevaa tai, linanuka ripoti.
*Kadiri ya* linasita mlangoni.
*Kama* ni la soko la Kiboriloni, kama elfu sitini mama,
lakini pia linafananisha, na mimi sifananishi.
*Hivi* linakuja mwisho wa sentensi, limechelewa, linaomba radhi.
*Yapata.*
Nikalikalia muda mrefu. Yapata 61,000.
Kumbe ni kitenzi: namba iliyo njiani,
haijafika, lakini haijapotea.

Chini yake stakabadhi ishirini za kwanza, papo hapo,
na kitufe: *Endelea*.
Sikuandika ukurasa wa ngapi kati ya ngapi;
nani aliwahi kuufikia wa elfu tatu?
Pembeni, kwa herufi ndogo:
*Hesabu kamili. Itachukua dakika nne.*
Nilitaka bei ionekane kabla ya bidhaa.

Bwana Lyatuu wa mahesabu hakupenda.
"Yapata si namba. Yapata ni mtu anayetaka kunikopa."
Nikamwonyesha kile kitufe kidogo.
Akabonyeza, akakunja mikono, akazingoja zote nne,
mgongo wima kama yuko kanisani.
61,219.
"Umeona? Ipo."
Akaiandika kwa kalamu ya wino.

Dirishani Hilaria alikuwa anagonga muhuri.
Massawe wa Uru. Massawe wa Old Moshi.
Massawe mwingine, mdogo wake huyo.
Sikusema kitu. Wino ulikuwa haujakauka.

Siku hizi dirisha la tatu haligandi.
Hakuna aliyenishukuru. Wepesi hauna sura,
unajulikana siku ukikosekana.
Ila jana nilipita ghalani nikamkuta Ndeshi akichomoa bambo;
tundu likabaki kwenye gunia, jicho dogo,
punje mbili zikachungulia.
Akalisugua kwa kidole gumba,
nyuzi za katani zikarudiana,
na gunia likafumba
juu ya idadi yake.