Tarbushi ya Marehemu

Kwanza fataki, kwenye kitako cha ganda.
Kisha baruti, kijiko cha kahawa kilichopindwa shingo,
cha mfuto, si cha fara.
Kisha kizibo.
Hapo baba alinyamaza.
Hata mbu akimuuma hampigi.

"Baruti haitaki nafasi," aliniambia siku moja.
"Si kama mtu. Mtu ukimbana hupasuka;
mtutu hupasuka ukiiachia baruti pumzi."
Akamwonyesha ami Ngwali kwa kidevu,
na ami Ngwali akauvuta ndani ya mkono wa kanzu
ule mkono wake wenye vidole vitatu.

Vizibo alivikata kwa ganda kuukuu lililonolewa mdomo,
nyundo moja, gogo la mfenesi:
cha kadi kwanza, cha sanduku la tambi, kigumu, kikae juu ya baruti;
kisha kile kinene, cha sufi,
kilichochovywa nta ya nyuki na mafuta ya nazi
("Shahamu ya nini? Tunamwendea nguruwe,
hatumkaribishi");
ndipo risasi.

Kile kinene akikiita kungwi:
hukaa kati ya wawili,
huuzuia moto usimrukie bibi harusi kabla ya saa,
hutoka naye mlangoni,
na asubuhi hakuna anayeuliza kalala wapi.

Mwaka ule nguruwe walishuka Muyuni kama wenye hati ya konde.
Muhogo wakachimba, viazi vikuu wakachimba,
hata kaburi la paka wetu wakalichimba.
Sufi ikamwishia baba.
Akajaribu blanketi; kumbe lina nailoni,
likayeyuka, likagandia ndani ya mtutu,
tukashinda siku nzima tukikwangua.
Ndipo akaikumbuka tarbushi.

Nyekundu, ya babu Pandu, shada limekwisha kunyofoka,
imelala kabatini ndani ya foronya
na karafuu chache za kufukuza nondo.
Nilimshikia taa. Nilihesabu.
Vizibo thelathini na vinane, na mabaki ya kando
kama kitumbua kilichong'atwa na watoto wengi.

Usiku wa kwanza, nguruwe wawili.
Wa pili, mmoja, na jiwe.
Moshi mweupe ulilala juu ya muhogo bila haraka,
ukinuka yai bovu na fashifashi za sikukuu.

Alhamisi bibi Time alikwenda kupalilia.
Akarudi mapema, jembe begani, ngumi imefumbwa.
Akaifumbua mezani, mbele ya chai ya baba:
kisahani chekundu, kimeungua ukingo.

"Mcha," alisema, "hiki ni kichwa cha mume wangu."

Nilitamani acheke mtu, yeyote.

Tangu hapo, kila ukipita usiku wa bunduki,
bibi alikwenda kondeni na ungo,
akainama hatua ishirini tu kutoka pale aliposimama baba,
kwani kizibo hakifiki mbali; msafiri ni risasi.
Aliokota kumi na saba.
Mimi nilimwokotea viwili. Cha tatu nikakificha.
Alivifua kwa sabuni ya mche,
akavianika juu ya mkeka, vimegusana,
kana kwamba vikikauka vitakumbukana.

Bunduki ilichukuliwa na askari wawili wapole.
Waliandika namba yake, wakampa baba karatasi.
Baba aliikunja mara nne, akaibinya kwa kidole gumba,
nami nikajua anachofikiri:
kadi nzuri hii, ngumu.

Bibi alipofariki tulivikuta ndani ya kijaluba chake,
kumi na tisa, vimetungwa kwa uzi, mnara mdogo,
na juu yake, limeshonwa,
shada jeusi.

Kile changu kiko chini ya mguu wa cherehani,
upande ule sakafu ilipodidimia.
Tangu nikiweke haitikisiki.
Asubuhi jua likikifikia
hutoa harufu kidogo, ya nta,
na ya kitu kingine,
ambacho wateja wakiuliza
nawaambia ni mafuta ya mashine.