Kura ya Makonyo

Darasa la pili, Mtambwe. Madawati tisa,
watoto hamsini na saba. Hesabu hiyo
haimo kitabuni, nikawapa wao waikokotoe.

"Wanaokaa juu ni wale wa mbele,"
alisema Shaame, ambaye hukaa juu.
"Nani aliwaweka mbele?" akauliza Mize
kutoka jamvini, ukili umemchora mapajani.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Swali halikuwa langu.

Tukapiga kura. Vifuu viwili mezani:
kimoja cha zamu, kimoja cha tubaki tulivyo.
Kura ni makonyo, kwani msimu huu
hakuna mtoto asiye nayo mfukoni.
Mmoja mmoja walipita, ngumi zimefumbwa
kama wanaotia sadaka.

Nikamimina. Makonyo, makonyo, makonyo,
na katikati yake karafuu moja,
nzima, kavu, na kichwa chake.
Darasa likalipuka.
"Hiyo ihesabiwe kumi! Konyo lina bei gani?"
"Itupwe! Ya tajiri hiyo!"
"Nani kaitia?"
Asaa, ambaye siku zote huongea na vidole vyake tu,
akasimama. "Mikarafuu ni ya babu,
kuchambua ni kwa mama.
Nilitia iliyokuja mkononi. Mimi ni mmoja."

Wakanyamaza, si kwa kukubali; walikuwa wakifikiri,
na ukimya wa kufikiri una kelele zake:
kukuna kichwa, kunyonya kidole, chafya.
Mwalimu mkuu akapita dirishani,
akaona mikono yangu mitupu, akaguna, akaenda zake.
Ikahesabiwa moja.

Zamu ikashinda. Nikafuta ubao, nikidhani tumemaliza.
"Na kiti chako, mwalimu?"

Sitaficha: nilikasirika.
Miaka miwili ya chuo, magoti yenye baridi yabisi,
na kiti chenyewe nilikinunua kwa pesa yangu, Wete.
Nilikuwa na jibu la mkubwa, lile fupi,
limekaa ulimini tayari kama kokwa ya ndimu.
Nikalimeza. Lilikwaruza.

Jumatano ni zamu ya Mcha kwenye kiti.
Miguu yake haifiki chini, anaipigapiga hewani.
Nami niko jamvini, baina ya Mize na Time,
nautazama ubao niliouandika mwaka mzima
na sioni kitu: jua la dirishani
limemwagika juu ya herufi zangu zote.

"Hapa hapasomeki," nikasema.

Mize hakugeuka, alikuwa akivuta uzi wa ukili.
"Tunajua," akasema. "Hukutuuliza."