Tumbo Tupu

Kwa kinyozi Odell, hapa Jackson, Mississippi,
wembe hupitia vichwa, kisha majina.
"Tavaris kakonda," kikasema kiti cha tatu.
Mashine ikanyamaza. Nami nikacheka.
Nilicheka,
na vidonge vyangu vimo ndani ya kopo la vitamini,
zahanati yangu iko Hattiesburg, maili tisini,
nisije nikakutana na shemasi.

Sisi tu wachache:
aliyelala kwa Tavaris alilala kwangu,
na kabla yetu kwa Cortez, sauti ya nne kwayani.
Hatukuulizana. Kuuliza ni kujitaja.

Usiku nikampigia.
"Umekula? Vile vidonge havitaki tumbo tupu."
Kimya kirefu, feni yake ikizunguka.
"Kumbe," akasema, "na wewe?"