Oveni ya Amma Sigurlaug

Keki ya tatu imetoka mbichi tumboni,
kingo zimekauka kama gamba, katikati uji,
na Amma Sigurlaug (kwao bibi huitwa Amma)
ameitazama bila neno, akaifunika kwa taulo
kama kitu usichotaka wageni wakione.

Gimli, Manitoba. Siku nne kabla ya Krismasi.
Ziwa limeganda; jana gari la kwanza limevuka.
Tunadaiwa keki ya matabaka saba,
plamu na iliki kila baina,
na oveni inasema uongo.

Kioo chake kinaandika mia tatu na hamsini.
Nimening'iniza kipimajoto cha bei rahisi kwenye rafu,
nikachuchumaa na tochi, nikasoma kupitia mlango:
mia mbili na sabini.
Digrii themanini zimekwenda wapi?

Mjomba Ketill, kwa simu, kutoka Brandon:
"Ni kihisi hicho. Tupa, nunua kingine.
Au nunua oveni nyingine kabisa. Kwani mama hasikii?"
Amma anasikia.
Anakwangua unga uliogandia pete yake.

Zamani hakuhitaji kihisi.
Aliingiza mkono jotoni akahesabu kwa lugha ya kwao;
akifika saba mkono ukiomba kutoka,
basi keki iingie.
Mwaka huu sukari imekula ncha za vidole vyake.
Juzi alihesabu hadi ishirini na tatu.
Ni mimi niliyeuvuta ule mkono.

Nimezima swichi kuu chini ya ngazi.
Friji nayo imenyamaza.
Skrubu mbili, ukuta wa nyuma, juu ya rafu,
na hiki hapa: kijiti cha chuma
chembamba kuliko kalamu, waya mbili mkiani.

Hakijui moto, hakijui keki.
Kinachojua ni dhiki ya umeme kupita ndani yake;
joto likipanda, njia inakuwa nzito,
na ubongo wa oveni huisoma dhiki hiyo
ukaiita digrii.

Mita: omu elfu moja na themanini na tatu.
Kijitabu kinasema, kwa chumba cha kawaida,
elfu moja na themanini, au hapo karibu.
Kizima!
Mjumbe hauawi, walisema, nami nilishamchimbia kaburi,
nilishaagiza mrithi wake, nikabakiza kulipa tu.

Basi uongo umeingilia wapi?

Nimemwita Orest wa nyumba ya pili, tukaivuta oveni.
Vumbi. Kibanio cha nywele. Biskuti ya enzi gani sijui.
Nimepima upande wa pili,
pale waya zinapoingia ubongoni:
elfu moja mia mbili na arobaini.

Kati ya aliyesema na aliyesikia
zimezidi omu mia moja hamsini na saba
ambazo hakuna aliyezitamka.

Nikaifuata waya kwa vidole, pole pole,
hadi kwenye plagi ya plastiki, zamani nyeupe,
sasa rangi ya chai. Pini moja imeota ukijani
kama sarafu iliyolala kisimani.
Labda supu iliyofurika. Labda mvuke wa miaka kumi na tisa.
Orest akasema, "Hiyo tu?"
Hiyo tu. Msasa, koleo, pumzi moja ya kupuliza.
Elfu moja na themanini na nne.

Simu inalia tena. Ketill. Naiacha ilie,
kisha Amma anaichukua mwenyewe,
anaongea muda mrefu kwa sauti ya chini,
na sisi wawili tunajifanya tunafagia.

Swichi kuu. Friji inakohoa, inaamka.
Kipimajoto: mia tatu arobaini na tano. Inatosha.
Lakini Amma hatazami kipimajoto.
Anafungua mlango, anakunja mkono wa sweta, anaingiza kiganja.
Nimekishika kifundo chake, nahesabu mimi,
ngozi yangu kando ya ngozi yake.

"Inachoma?" ananiuliza nilipofika sita.
"Bado."
Saba.
"Sasa inachoma, Amma. Toa."